Ogari, Miti Mikavu na Nyumba Asiyoweza Kuingia

Mume wangu Ogari akiona mti uliokufa umesimama, husahau alikokuwa anaenda. Ukimtuma mjini Nyamira akuletee chumvi, atarudi jioni bila chumvi, lakini na habari ndefu ya mkaratusi uliokauka nyuma ya shamba la mtu fulani. "Mama Mokua, umekufa wima ule!" ananiambia, macho yanamng'aa. "Hata mvua inyeshe mwezi mzima, ndani ni mkavu kabisa." Namuuliza chumvi iko wapi. Ananiuliza, "Chumvi gani?" Haya, mtu kama huyo utamfanyaje?

Simlaumu sana. Miaka yake yote ya nguvu aliimalizia kwenye kiwanda cha majani chai, upande wa boila, kazi yake ikiwa kuulisha moto kuni. Alipostaafu alirudi nyumbani na tabia mbili. Ya kwanza, hupiga kila gogo kwa mgongo wa shoka na kulisikiliza. Ya pili ndiyo inayonitoa roho: huwaonea kuni huruma. "Nimechoma msitu mzima mimi," husema. Kwa hiyo akileta mzigo wa kuni, hauingii jikoni mpaka aukague. Huu mti umenyooka, usichomwe, utakuwa mpini. Huu nao una pembe nzuri, utakuwa kiti. Mimi nimekaa na sufuria ya maharagwe mabichi, jiko limezimika, na ukutani nina rafu nyingi kuliko vyombo vya kuweka juu yake.

Shamba letu ni dogo. Chai imekuja mpaka mlangoni, migomba iko pale chini, basi. Mti wetu wenyewe wa kukata hatuna. Kwa hiyo Ogari huomba miti mikavu ya watu, na kwa kuwa ni mwanamume mwenye aibu yake, hapokei mti bure. Ukimpa mti, anakutengenezea kitu. Nyakerario, yule mjane wa ng'ambo ya mto, alimpa mti wa avokado uliokauka, naye akamjengea nyumba ya kuku. Kanisa lilimpa tawi lililoanguka, akakarabati viti vya kwaya. Sasa fikiria: boma zima la jirani zetu limesimama imara kwa nguvu za mume wangu, na mlango wa jikoni kwangu umefungwa kwa kamba ya migomba tangu mwaka jana. Nikimwambia, anasema, "Huo niko nao." Yuko nao wapi? Kichwani!

Sasa nikwambie habari ya wiki ile ya mvua ya Aprili.

Jumatatu simu ililia nikiwa nachuma chai. Alikuwa Benta, mke wa mwanangu Mokua. Benta ni Mjaluo wa Kendu Bay, binti mpole, ana cherehani yake Nyamira mjini na amepanga chumba huko. Mokua ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba.

"Mama," akasema, sauti imechoka, "nimejifungua. Ni msichana."

Nilipiga kigelegele hadi wachumaji wa shamba la pili wakasimama. Ogari akatoka mbio nyuma ya nyumba, nyundo mkononi, akafikiri nimeumwa na nyoka.

"Lakini amekuja mapema, Mama. Ni mdogo. Daktari anasema Ijumaa tutatoka hospitali, ila asipigwe na baridi hata kidogo." Akashusha sauti. "Sasa nataka kukuuliza, na usinifiche. Ile nyumba yetu hapo nyumbani bado inavuja?"

Nikamwangalia Ogari. Ogari akaangalia nyumba ya Mokua. Iko pale pale ndani ya boma, vyumba viwili, kuta za udongo zilizopigwa saruji, mabati juu. Mokua aliijenga kabla ya kuoa, wakakaa ndani yake muda mfupi tu, wakaenda zao mjini. Tangu hapo hakuna mtu aliyeishi humo ila panya. Kama inavuja? Ilikuwa inavuja hata kukiwa na umande!

"Kwa sababu kama inavuja, Mama," Benta akaendelea, "nitaenda kwa mama yangu Kendu Bay. Kule kuna joto. Si kwa ubaya."

Najua haikuwa kwa ubaya. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini moyo uliniuma, nisikufiche. Mokua ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa. Nimekaa miaka nikibeba watoto wa watu kanisani, nawarudisha kwa mama zao ibada ikiisha. Sasa wa kwangu amefika, na hiyo miezi ya kwanza nimsikilizie kwenye simu akilia ng'ambo ya huko? Nilimtaka yule mtoto. Nilimtaka hapa, nimkande, nimwogeshe, nimpikie mama yake uji wa wimbi.

"Mwambie Ijumaa haitavuja hata tone," Ogari akasema.

"Wewe!" nikamnong'oneza. "Una wazimu?"

"Mwambie. Na kuni kavu zitakuwa tele."

Nikamwambia. Benta akashusha pumzi. "Basi Ijumaa nitakuja, Mama. Nikikuta ni kavu nitakaa."

Utauliza, kwa nini asilale kwetu tu, kwani nyumba yetu nayo inavuja? Ngoja nikueleze. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana haruhusiwi kulala katika nyumba ya baba mkwe. Na baba naye hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakanyagi, nimesema. Mvua ya mawe ikimkuta mlangoni, atasimama nje chini ya paa mpaka iishe. Sasa umeona shida yetu? Fundi alikuwa Ogari, na Ogari hakuweza kutia hata kidole cha mguu ndani ya nyumba aliyoahidi kuitengeneza.

Tungemwita fundi mwingine? Fundi gani? Mafundi wote wa pande zile walikuwa kwenye ujenzi mjini, na aliyebaki alikuwa anauguza mgongo. Isitoshe Ogari alishaudhika kwamba nimetaja fundi mwingine.

Jumanne alipanda ngazi. Mimi nikaingia ndani, macho yake yakawa ni mimi.

"Unaona nini?" akauliza kutoka juu.

"Naona boriti mbili zimeoza. Hii ya karibu na mlango imekuwa unga."

"Ipige."

Nikaipiga kwa mti wa ufagio. Ikashuka yote pamoja na kiota cha panya na vumbi la miaka, ikanimwagikia kichwani.

"Imesikika vibaya," Ogari akasema.

"Imesikika!" nikafoka, nikitema vumbi. "Shuka uje uone ilivyosikika kwenye nywele zangu!"

Boriti mpya zilihitajika, na kuni kavu pia, na vyote viwili vilikuwa ndani ya mti mmoja. Ulikuwa msaipresi wa Nyangau, jirani yetu wa upande wa mto. Ulikufa wima miaka miwili nyuma, na Ogari alikuwa akiumezea mate kila akipita kwenda kanisani. Wakati wa mvua kama ile, kuni za chini zote ni maji matupu. Ukiziwasha zinalia na kutoa povu. Mti uliokufa umesimama ndio unaokuokoa. Ogari akaenda kuuomba.

Akarudi mikono mitupu, akachukua kisanduku cha vifaa.

"Amekataa?" nikauliza.

"Amekubali. Lakini lango lake limelegea bawaba."

"Ogari!"

"Nitamaliza sasa hivi."

"Ogari, Ijumaa mtoto anakuja, na wewe unakwenda kutengeneza lango la Nyangau? Nyangau hata hana kitu cha kuibiwa!"

"Mti haupokelewi bure, Mama Mokua," akasema, akaenda. Nilitamani kumtupia ufagio. Nilibaki pale nachambua wimbi kwa hasira mpaka nusu yake ikamwagikia kuku. Lile lango lilimla siku yote iliyobaki, kwa sababu alipomaliza bawaba aliona nguzo nayo imeinama, na mume wangu hawezi kuacha nguzo imeinama. Yaani Nyangau mwenyewe alikuja kunipa pole.

Jumatano mti ukaanguka. Nyangau alishika kamba, Ogari akashika shoka, nami nikashika maombi. Ulilala pale pale walipotaka, na Ogari akaugonga kwa mgongo wa shoka, ukatoa mlio mkali, safi. Alicheka peke yake kama mtoto. Tukaubeba vipande vipande mpaka nyumbani, mimi kichwani, wao begani, kwenye matope yaliyotaka kutuvua viatu. Benta alipiga simu tukiwa njiani, nikamwambia kila kitu kiko sawa, huku mguu wangu mmoja umezama mpaka gotini.

Halafu vita vikaanza.

"Huu uende boriti," Ogari akasema. "Na huu. Na huu pia, umenyooka sana."

"Boriti zilizooza ni mbili."

"Za akiba."

"Akiba ya nini? Unajenga kanisa?" Nikaona anaweka gogo la nne upande wake. "Na huu je?"

"Huu utakuwa kitanda kidogo cha mtoto."

"Mtoto hahitaji kitanda cha gogo, anahitaji moto! Maji ya kuoga yatachemshwa na nini? Na kitanda chako?"

"Mama Mokua, angalia nyuzi zake. Huwezi kuchoma mti kama huu. Ni dhambi."

Nilienda nikaketi juu ya lile gogo, nikakunja mikono. Akaniambia niamke. Nikasema ng'o. Akazunguka upande wa pili, akajaribu kulivuta nikiwa juu yake. Mimi si mwanamke mwembamba, namshukuru Mungu. Nyangau alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Mwishowe Ogari akatupa shoka chini, akasema, "Haya, chukua! Chukua choma!" akaondoka zake nyuma ya nyumba. Baadaye nikamsikia anachanja kuni taratibu, na vile vipande vizuri alivipanga mwenyewe chini ya paa langu la jikoni, upande usiopigwa na mvua. Akavifunika kwa gunia. Hapo nikamwonea huruma, nikampelekea chai.

Alhamisi asubuhi boriti mpya zilikuwa juu, mabati yamepigiliwa, na Ogari alishuka ngazini anapiga mluzi. Alasiri mvua ikaja, ile mvua yetu isiyo na utani. Nikasimama katikati ya nyumba ya Mokua nikiomba. Sekunde, sekunde, sekunde. Halafu, to! Tone moja, katikati kabisa ya kitanda.

"Inavuja!" nikapiga kelele.

Ogari alikuwa amesimama nje dirishani, mvua inampiga mgongoni. "Wapi?"

"Kitandani!"

Akapanda juu na mvua ile ile, nami nikamwomba ashuke, asisikie. "Niambie! Kushoto au kulia?"

"Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwangu!"

"Wewe umeangalia wapi?"

"Nimeangalia juu, nitaangalia wapi tena!"

Akapaka lami mahali. Tone likasogea likaanguka kwenye kiti. Akapaka pengine. Tone likarudi kitandani, likaleta na mwenzake. Ndugu yangu, maji yana ujanja. Yanaingia kwa mlango huu, yanatembea juu ya boriti kama mgeni anayetafuta kiti, yanaketi kwingine kabisa. Mtu aliye ndani na macho ya fundi angeona yalikotoka. Mimi niliona tone tu.

Nyangau alikuwa amejikinga chini ya paa. "Ogari," akaita, "ingia tu mara moja uangalie. Nani atajua? Tuko watatu tu hapa."

Ogari akashuka, akasimama mbele ya mlango ulio wazi. Maji yanamtiririka kwenye kofia. Aliangalia ndani kwa muda, na mimi nikiwa ndani niliuona uso wake, na nilijua anavyotaka. Mguu mmoja tu mbele, na kazi imeisha. Nisikudanganye, mimi mwenyewe nilitaka aingie. Nilikuwa tayari kugeuka nyuma nisione.

"Hapana," akasema. "Nitakuwa nimemtengenezea mtoto nyumba na kumharibia." Akageuka akaenda zake.

Jioni ile hakula vizuri. Mimi nilijilaza nikijua kwamba kesho Benta atakuja, ataona tone kitandani, atanishukuru kwa adabu, na kabla ya Sabato kuingia atakuwa njiani kwenda kwa mama yake. Nililia kidogo, ndiyo. Nikajiambia Kendu Bay si mbali. Lakini kwa mtoto mchanga, kila mahali ni mbali.

Ijumaa kulipambazuka jua zuri. Lazima nikwambie pia kwamba sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, shoka linalala na nyundo inalala; hakuna kutengeneza, hakuna kuokota kuni. Kwa hiyo tulikuwa na siku ile tu. Nilitoka nje nikamkuta Ogari amesimama kwenye umande, anaangalia jiko langu. Nilikuwa nimewasha moto, na moshi ulikuwa unatoka kwenye kila tundu la paa la jikoni, maana nalo ni bovu kama ule mlango niliokwambia.

"Mama Mokua," akasema polepole. "Boila ikiwa na ufa, unajua tulikuwa tunauonaje?"

"Mimi nitajuaje, nilikuwa boila?"

"Moshi. Tulikuwa hatutafuti ufa. Moshi wenyewe unatuonyesha." Akashika shoka. "Utaingia ndani ya nyumba ya Mokua uwashe moto. Kuni kavu chini, majani mabichi juu. Nyangau atanisaidia kuziba pembeni pote kwa magunia. Mimi nitakaa juu ya paa. Pale moshi utakapotokea, hapo ndipo maji yanapoingia."

Nilitaka kubisha, kwa mazoea tu, lakini nikaenda kutafuta magunia. Ilikuwa akili safi. Kasoro ilikuwa moja: mtu wa kukaa ndani ya huo moshi ni mimi.

Basi wakaziba. Magunia kwenye mwanya wa ukuta na paa, majani ya migomba dirishani. Nikawasha. Zile kuni za msaipresi, oh, zilishika mara moja, nikakumbuka kwa nini nilizipigania. Nikaweka majani mabichi juu. Moshi ukajaa mpaka sikuuona mkono wangu.

"Bado?" nikaita.

"Ongeza!"

"Nakufa humu!"

"Ongeza kidogo tu, umeanza kutoka! Huu hapa! Lo, na huu hapa! Mama Mokua, kumbe tundu liko huku kwenye kona, mbali kabisa na kitanda!" Nilimsikia anacheka kule juu, anatembea mbio kwenye mabati, anakausha kwa kitambaa, anapaka lami. "Na mwingine hapa! Ongeza!"

Niliongeza. Machozi na makamasi yananitoka, nimelala kifudifudi sakafuni nikivuta hewa chini ya mlango, huku nikimwita mume wangu majina ambayo Msabato hapaswi kuyatumia siku ya maandalio ya Sabato. Yeye huko juu anajibu, "Asante, asante, mama."

Kitu ambacho hatukufikiria ni kwamba moshi ule ulionekana ng'ambo yote ya bonde.

Nilisikia kwanza mayowe. Halafu vishindo. Nyakerario ndiye aliyefika mbele, ndoo kichwani, analia, "Nyumba ya Mokua inaungua!" Nyuma yake wanawake wa kuchuma chai, na wanaume wawili na mapipa ya maji ya ng'ombe. Nyangau alisimama na kunyoosha mikono: "Haiungui! Haiungui!" Nani angemsikiliza? Ndoo ya kwanza ikarushwa juu, ikamkuta Ogari kifuani. Ya pili ikamkuta mgongoni. Maji yalimwagwa juu ya yale mabati kila upande, na mume wangu katikati anapiga kelele, "Msimwage! Lami haijakauka! Msimwage!"

Mimi nilikuwa bado sakafuni. Na moshi ulipopungua kidogo nilitazama juu, nikangoja. Nikasikia maji yanavyopiga bati kwa nguvu, yanatiririka, yanaanguka nje. Nikaweka kiganja juu ya kitanda. Nikaweka kwenye kiti. Nikatambaa mpaka ile kona.

Nikafungua mlango nikatoka, mweusi ti, macho mekundu, na watu wakarudi nyuma.

"Mwageni tena!" nikawaambia.

"Ala!" Nyakerario akasema. "Moshi umempanda kichwani."

"Mwageni, jamani! Kila mwenye maji, amwage!"

Wakamwaga. Nikarudi ndani mbio. Hakuna tone. Hata moja! Niliruka juu, mtu mzima mimi, nikapiga kigelegele ndani ya ile nyumba, halafu nikakohoa mpaka nikaketi.

Ilikuwa katikati ya vurugu hiyo ambapo gari dogo lilisimama njiani, na Benta akashuka, amefunikwa leso mbili, na kifurushi kifuani. Akaona umati, ndoo, moshi unatoka mlangoni kwake, baba mkwe wake juu ya paa amelowa kama kuku. Akasimama.

"Mama? Nyumba imeungua?"

"Haikuungua, mwanangu!" nikasema, nikijipangusa uso na kuuchafua zaidi. "Tulikuwa tunaipima!"

Tukafungua madirisha yote. Nyangau akavuta magunia. Upepo wa bonde ukapita, na mpaka alasiri moshi ulikuwa umeisha, imebaki harufu tu, na harufu ya moshi kwetu ni harufu ya nyumbani. Nilioga mara mbili. Nikatandika, nikawasha moto mwingine, huu sasa wa kuni kavu tupu, usio na moshi wa kuudhi. Ogari alileta kuni zote mpaka mlangoni, akaniachia kizingitini, nami nikaziingiza. Aliponiletea mzigo wa mwisho jua lilikuwa linazama. Akaosha mikono, akaufuta uso, Sabato ikaingia.

Na mvua nayo ikaingia.

Benta alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Uso wake aliuinua juu, akawa anasikiliza. Mvua ilipiga yale mabati mpaka tukashindwa kusikizana, na moto ulikuwa unawaka vizuri, na ndani kulikuwa na joto hata nikavua sweta. Tukangoja. Tukangoja sana, mpaka kelele ya mabati ikapungua kidogo.

"Ni kavu, Mama," Benta akasema mwishowe.

Nikajifanya napanga kuni.

Halafu tukasikia mtu anakohoa nje. Alikuwa Ogari. Alikuwa ameketi barazani, juu ya kipande cha gogo, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa nyumba ile, mabega yanapigwa na matone ya upepo. Alikuwa hajamwona mtoto. Kutwa nzima alikuwa juu ya paa, halafu kwenye kuni, halafu kila mtu akawa ndani na yeye nje.

Benta akauliza, "Baba anafanya nini pale?"

"Anasikiliza kama inavuja," nikasema. "Mwache. Ataenda kulala."

Benta akashuka kitandani, akaongeza leso juu ya mtoto, leso ya pili, shuka, akaelekea mlangoni.

"Wee! Unaenda wapi? Rudi! Daktari amesemaje? Nimekula moshi siku nzima ili huyo mtoto akae ndani, na wewe unamtoa nje!"

"Mama," akasema, amesimama kizingitini, "kama yeye haruhusiwi kuingia, si sisi tunaruhusiwa kutoka?"

Umeona binti huyo? Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa na haki. Nikachukua karai, nikatia makaa na vipande vya moto, nikatoka nao barazani, nikaweka kati ya miguu ya Ogari. Kuhamisha moto si kuokota kuni, na Mungu anaelewa. Nikavuta kiti chenye mgongo kwa ajili ya Benta, mahali ambapo upepo haufiki.

Benta hakumpa baba mkwe mtoto mkononi, ana adabu zake. Alinipa mimi. Mimi nikampa Ogari. Babu na mjukuu hawana chinsoni kati yao, wanaweza hata kutukanana kwa utani. Alimpokea na ile mikono mikubwa iliyojaa lami kwenye kucha, akamfungua uso kidogo tu, akamsogeza karibu na makaa. Mtoto akapiga chafya. Ogari akanitazama kama mtu aliyeharibu kitu.

"Ni salama," nikamwambia. "Watoto hupiga chafya."

Alimtazama muda mrefu. Mvua ikazidi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa hiyo nikamfutia mimi kwa ncha ya leso yangu.

"Mwambie Benta asante kwa kutoka," akasema.

Benta alikuwa ameketi pale pale, hatua mbili kutoka kwake, lakini kwa chinsoni maneno yao hupitia kwangu. Nikamgeukia. "Anasema asante kwa kutoka."

"Mwambie baba," Benta akasema, akitazama moto, "Kendu Bay watakuja kumwona mtoto hapa. Sisi tuko nyumbani."

Nikamgeukia Ogari, nikamwambia. Alikuwa amesikia kila neno, ninajua alisikia. Lakini aliniuliza, "Amesemaje?"

Nikamwambia tena.